Uzi: Umebebeshwa kazi ya kuhimiza michango ya mwaka wenu wa chuo? Njoo tuongee

Mtunza Daftari (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila unapokaribia wakati wa kuonana tena, iwe ni miaka 10, 20 au 25 tangu kuhitimu, kamati inakaa na mtu mmoja anatazamwa na wote: "Wewe unajuana na watu, utusaidie upande wa michango ya chuo." Hakuna malipo, hakuna cheo, na kuna rafiki zako ambao kuanzia siku hiyo watapokea simu yako kwa sauti ya ofisini. Mimi kazi hiyo ninayo mpaka leo. Nimeona niandike ninachokijua, na wengine waongeze au wanipinge.

Msimamo wangu naweka mezani mapema. Hesabu watu, usihesabu pesa. Ukiulizwa mmefika wapi, taja wangapi wameshatoa kati ya wote mliohitimu pamoja. Ukianza kutangaza kiasi, mwenye kidogo anajitoa kimyakimya, anaona chake kitaonekana aibu pembeni ya cha mwenye kampuni. Ukitangaza idadi, yeye na mwenye kampuni kila mmoja ni mtu mmoja. Na yule aliyetoa kidogo safari hii ndiye utakayempigia tena baada ya miaka mitano bila kujiuma ulimi.

La pili, tangazo la kwenye kundi halimwombi mtu yeyote. Mnalijua hili. Unaandika ujumbe mzuri, umeupanga, una akaunti na tarehe ya mwisho. Tiki zinageuka bluu. Watu watatu wanaweka mikono iliyofumbatana. Mmoja anaandika "tuko pamoja", na ndiyo mara ya mwisho kumsikia. Halafu mwingine anatupia video ya vichekesho, tangazo lako limefukiwa. Hakuna aliyekataa, ila hakuna aliyeombwa. Kila mtu ameusoma ujumbe akijua unawahusu wale wengine.

Kwa hiyo ni simu, mtu mmoja mmoja, na mpigaji awe mtu aliyemjua. Orodha usiigawe kwa alfabeti. Igawe kwa nani alilala chumba kimoja na nani, nani walikuwa kundi moja la majadiliano, nani walicheza timu moja. Kuna mchumi anaitwa Jonathan Meer alichapisha mwaka 2011 uchambuzi wa kumbukumbu za michango za chuo kimoja cha Marekani, akaangalia wahitimu walioombwa na mtu waliyewahi kuishi naye chumba kimoja mwaka wa kwanza. Walikuwa wepesi zaidi kutoa, na walitoa zaidi. Mtu anaweza kusema hilo halihitaji mchumi, lakini kamati nyingi bado zinagawa majina A mpaka K kwa fulani, L mpaka Z kwa fulani.

Simu yenyewe. Mtu hujaongea naye miaka mingi, anaona jina lako kwenye skrini. Moyoni anajua kuna jambo. Ukimzungusha robo saa na habari za watoto ndipo utoe suala la mchango mwishoni, umemharibia hata zile salamu. Mimi nafungua hivi: "Nimekupigia kwa mambo mawili, moja kukujulia hali, la pili mchango wa mwaka wetu. Tuanze na la kwanza." Basi. Anacheka, anajua kitakachokuja, na mnaongea kwa raha. Ukifika la pili, sema wewe mwenyewe umeshatoa, sema hela inakwenda wapi, omba, kisha NYAMAZA. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Ule ukimya wa sekunde chache unatutisha, tunaanza kumtafutia mwenzetu visingizio: "Najua hali ni ngumu, hata ukishindwa si neno..." Hajasema chochote, umeshamjibia. Muache afikiri.

Na usipige simu hata moja kabla hujatoa chako. Hili halina mjadala. Swali la kwanza utakaloulizwa ni "wewe umeweka?"

Jambo la mwisho kwa leo: kabla ya kuanza, pitisheni orodha kwa watu wawili watatu wanaofuatilia habari za wenzetu. Kuna waliotangulia mbele za haki, na namba zao bado zinapokelewa na mjane au mtoto. Kuomba mchango kwa jina la marehemu ni jambo ambalo familia haisahau.

Karibuni.

---

Kalamu ya Nyuma

Mkuu umeandika vizuri ila mimi nina swali la msingi. Nichangie kwa lipi? Ada nililipa. Vyeti nilivifuata miezi na miezi kama naomba hisani. Siku ya mahafali walituambia "sasa ninyi ni wana wa chuo", kuanzia hapo nikisikia kutoka kwao ujue wanataka hela. Halafu mwenzangu niliyesoma naye anipigie kuniombea hao hao? Nitamjibu vibaya na urafiki utaisha.

---

Mtunza Daftari

@Kalamu ya Nyuma watu wa aina yako ndio napenda kuwapigia, sikutanii. Mwenye hasira bado anajali. Kazi ngumu ni yule asiyehisi lolote.

Mtu akinimwagia hayo uliyoyaandika, sikitetei chuo. Mimi si msemaji wao na sikuwepo kwenye ile foleni ya vyeti. Namsikiliza mpaka amalize, na kama ni jambo linaloweza kurekebishwa naliandika na kulifikisha. Kisha namuuliza swali moja: kuna mtu yeyote pale aliyekusaidia? Karibu kila mtu anaye mmoja. Mhadhiri aliyemkubalia kuchelewesha kazi alipofiwa. Mama wa maktaba aliyekuwa anamwacha akae dakika chache baada ya kengele. Ukishafika kwenye huyo mmoja, mazungumzo ni mengine kabisa. Mchango unaweza kwenda maktaba, au kwenye ada ya mwanafunzi wa idara ileile anayekaribia kuacha masomo. Chuo kama jengo la utawala hakuna anayelipenda.

Na ukikataa bado, umekataa. Naandika "hapana kwa sasa", tunaendelea kuongea mpira. Siku ya kuonana uje tu.

---

Bi Msajili

Hodi jamvini. Nimefanya kazi ofisi ya wahitimu kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaongea kutoka upande wa pili wa meza.

Kwanza niwaondolee dhana kwamba haya mambo yameanzishwa juzi na watu wa masoko. Chama cha wahitimu kinachotajwa kuwa kikongwe kuliko vyote ni cha Williams College, Marekani, mwaka 1821. Na hakikuanza kwa sherehe. Rais wa chuo aliondoka na kundi la wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine, Amherst, na Williams kikawa hatarini kufungwa. Waliosoma pale wakakutana kukinusuru. Chuo Kikuu cha Yale, hukohuko Marekani, walianzisha mfuko wao wa michango ya kila mwaka mwaka 1890, na mpaka leo kila mwaka wa kuhitimu una mawakala wake wa kujitolea wanaoandikia na kupigia wenzao. Yaani kazi anayoifanya mwanzisha uzi ina umri wa zaidi ya karne. Harvard nao, wale waliohitimu 1879 walitoa dola 100,000 kwa ajili ya kuadhimisha miaka 25, zikaingia kwenye ujenzi wa uwanja wa michezo uliofunguliwa 1903. Upo mpaka leo.

Sasa ya kiutendaji, na hapa naomba msome polepole kwa sababu ndipo ugomvi unapozaliwa.

Ada ya kuhudhuria na mchango wa chuo ni vitu viwili. Ada ni ukumbi, chakula, fulana. Mchango unakwenda chuoni. Mkivichanganya kwenye akaunti moja, wiki moja baada ya sherehe mtaanza kuulizana nani alilipa nini, na mweka hazina wenu, hata awe mwaminifu namna gani, atatoka na doa. Mchango uende moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo au ya mfuko wa wahitimu uliosajiliwa. Usipitie kwenye simu ya mtu. Hata ya mwenyekiti. Hasa ya mwenyekiti.

Mchangiaji aandike kumbukumbu ya malipo: jina lake na mwaka wenu wa kuhitimu. Mnadhani ni jambo dogo. Pale ofisini tulikuwa tunapokea fedha zisizo na maelezo, zinakaa kwenye akaunti ya kusubiri, huku mtu huko nje analalamika hajapata risiti na wenzake wanasema hajatoa.

Tofautisheni AHADI na FEDHA ILIYOINGIA. Jedwali liwe na safu mbili tofauti, na hesabu mnayotangaza ichukuliwe kwenye ya pili. Aliyeahidi akumbushwe na yuleyule aliyempigia, si ofisi, wala si kwenye kundi.

Na ulizeni mapema kama mchango umefungwa masharti au la. Mkisema "hii ni ya ada za wanafunzi wenye uhitaji", chuo hakiruhusiwi kuipeleka kwenye paa. Ni nzuri, inawapa watu imani. Ila msifunge kwa jambo dogo mno. Kuna mfuko niliwahi kuuona una masharti mengi kiasi kwamba kumpata mwanafunzi mmoja anayeyatimiza yote ilikuwa kazi, fedha imekaa tu.

---

Joto la Jiwe

Mnapaka rangi sana. Sisi tulifanya kitu kimoja tu: tuliweka kwenye kundi orodha ya waliotoa na WASIOTOA. Kila Ijumaa. Pesa ilikuja. Watu wanaelewa lugha ya aibu.

---

Mtunza Daftari

@Joto la Jiwe pesa ilikuja, sikatai. Waliojitoa kundini ni wangapi? Na siku yenyewe ya kuonana, wale waliokuwa kwenye orodha ya pili walikuja?

---

Joto la Jiwe

Walijitoa kadhaa. Lakini hao hata wangebaki wasingetoa.

---

Mkimbia Simu

Mimi ni mmoja wa hao, si wa kundi lako lakini wa kwetu, ilikuwa hivyohivyo. Ngoja niwaambie wenye orodha zenu mambo yanavyoonekana upande huu.

Biashara yangu ilianguka. Nilikuwa na madeni ambayo hata mke wangu hakuyajua yote. Kila Ijumaa simu inalia, naona jina langu kwenye orodha nyekundu, chini yake watu nilioishi nao miaka mitatu wanaandika "wengine wanapenda kula tu". Sikujitoa kwa sababu sitaki kuchangia. Nilijitoa kwa sababu nilishindwa kueleza. Ungeeleza wapi? Mbele ya watu mia na kitu?

Aliyenirudisha alikuwa mtu mmoja, alinipigia akaniambia "sitaki hela, nataka unisaidie kutafuta namba za wale wa kitengo chenu, wewe ndiye ulikuwa unawajua." Nikatafuta. Nilipata wengi. Mwishoni nikaweka kiasi ambacho ukikiona utacheka, na hakuna aliyenicheka kwa sababu hakikutangazwa.

---

Kalamu ya Nyuma

Pole sana kaka. Na @Joto la Jiwe naomba usome hiyo mara mbili.

---

Joto la Jiwe

Nimesoma. Pole ndugu. Bado nasema si kila anayekimbia simu amefilisika, wengine ni wabahili tu na magari wanabadilisha.

---

Mtunza Daftari

Wabahili wapo. Ila orodha yako haiwezi kuwatenganisha na aliyefilisika, inawapiga wote fimbo moja, na mbahili ndiye ana ngozi ngumu.

@Mkimbia Simu asante kwa kuandika. Hiyo ya kumpa mtu kazi badala ya kumuomba hela naiiba mchana kweupe. Nani anatafuta namba, nani anakusanya picha za zamani, nani anaandika wasifu wa wenzetu waliotangulia. Wote hao ni wachangiaji.

---

Msoma Tafiti

Naongeza mawili kwa wanaopenda ushahidi.

Kuhusu kianzio, yaani fedha inayopatikana kabla ya kutangaza: wachumi John List na David Lucking-Reiley walifanya jaribio kwenye Chuo Kikuu cha Central Florida, likachapishwa 2002. Waliwaandikia watu barua za kuomba fedha za kununua kompyuta. Wengine waliambiwa asilimia 10 ya fedha imeshapatikana, wengine hadi asilimia 67. Kundi la 67 lilichanga karibu mara sita ya lile la 10. Kwa hiyo msitangaze mchango wenu mkiwa na sifuri. Zungukieni kimyakimya watu wachache wa karibu na kamati, mfike mahali pa kuonekana, ndipo mtangaze.

Kuhusu mtu anayesema "kila mtakachotoa naweka kingine": Dean Karlan na huyo huyo List, 2007, barua zaidi ya 50,000 kwa watu waliowahi kuchangia shirika moja Marekani. Kuwepo kwa mtu wa kulinganisha, yaani huyo anayeweka kingine, kuliongeza uwezekano wa mtu kutoa kwa asilimia 22, na kipato kwa kila barua kwa asilimia 19. Lakini kumfanya aweke mara mbili au mara tatu ya kila kilichotolewa hakukuongeza kitu kuliko alipoweka kiasi kilekile kilichotolewa. Mkiwa na tajiri mwenye moyo, msimkamue aahidi mara tatu. Kiasi kilekile kinatosha, na fedha yake itachukua watu wengi zaidi kabla haijaisha.

---

Mama Hesabu

Hapo kwenye tajiri ndipo penye swali langu, dada na kaka zangu. Mwaka wetu tunaye mmoja ambaye mambo yamemnyookea kwelikweli. Kamati nzima inamzungumzia yeye. Wamemwandikia barua rasmi yenye mhuri, wamemtumia katibu wake, kimya. Sasa wananiambia nimpigie mimi kwa sababu tulikuwa tunakaa dawati moja. Naogopa ataona nimemkumbuka kwa sababu ya hela.

---

Bi Msajili

Dada yangu, barua yenye mhuri anapokea kila siku kutoka kwa kila mtu. Hiyo ya kwenu iko kwenye rundo.

Nenda ukamwone, usimpigie. Nenda na mwenzako mmoja mnayemjua wote, msiende kamati nzima kama posa. Usimpelekee takwimu za chuo, anaweza kuzipata mwenyewe. Mpelekee picha ya darasa. Halafu mwambie wazi mnachotaka, kwa kiasi mlichokifikiria, na kazi yake itakuwa nini: awe yule wa kulinganisha aliyetajwa hapo juu, ili kila mwenye kidogo ajue chake kimekuwa viwili. Matajiri wengi wamechoka kuwa suluhisho la kila kitu. Kuambiwa "tunataka wenzetu wote watoe, na wewe uwasukume" ni ombi tofauti na "tulipie".

Na jina lake au kiasi chake visitajwe popote mpaka aseme ndiyo. Ana ndugu, ana wafanyakazi, ana watu wanaosubiri kusikia ametoa wapi.

---

Kijana wa Juzi

Nasoma kimya tangu mwanzo. Sisi tumehitimu juzi tu, wengi hatuna hata kazi. Kuna maana kweli kutuomba?

---

Msoma Tafiti

Bilionea wa Marekani Michael Bloomberg alihitimu chuo cha Johns Hopkins 1964. Mwaka uliofuata alitoa dola 5. Mwaka 2018 alitangaza kutoa dola bilioni 1.8 kwa chuo hichohicho kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo.

---

Mtunza Daftari

@Msoma Tafiti mfano huo ni wa kweli lakini mimi siutumii kwenye simu. Ukimwambia kijana asiye na kazi habari za bilionea, anasikia "toa sasa, siku moja utakuwa kama yeye," na sote tunajua hesabu hiyo haiwatoshi watu wote.

@Kijana wa Juzi maana ipo, ila ni ya namba zenu. Mwaka huu bado mnajuana mnakoishi. Baada ya miaka kumi nusu watakuwa wamebadilisha laini na barua pepe za chuo zimefungwa. Tengenezeni orodha sasa: jina, namba, barua pepe binafsi, na mtu mmoja wa karibu anayeweza kumpata. Muwaombe ruhusa kabla ya kuipeleka popote. Mwenye kitu kidogo atoe, asiye nacho aingie kwenye orodha.

---

Bi Msajili

Naunga mkono, na niongeze angalizo kuhusu hii "asilimia ya waliochangia" ambayo mwanzisha uzi anaipenda. Mimi pia naipenda, lakini ina uchawi wake. Kule Marekani jarida la U.S. News lilikuwa linaiingiza kwenye alama za kupanga ubora wa vyuo, kwa hiyo vyuo vilikuwa na sababu nyingine ya kuifukuzia. Walikiondoa kipimo hicho mwaka 2023. Ukiwa na kamati inayotaka namba ipande kwa vyovyote, mtaanza kuwalipia watu bila wao kujua ili mhesabu vichwa. Nimeona. Mtu anapokea risiti ya shukrani kwa mchango ambao hajatoa, anauliza, mnakosa la kusema.

---

Mama Hesabu

Nimerudi. Nimekwenda na mwenzangu kama Bi Msajili alivyosema. Jibu bado hajatoa, amesema atafikiri. Ila ile barua yenye mhuri hakuwahi kuiona kabisa. Na picha ya darasa ametuomba tumwachie.

---

Mtunza Daftari

Hongera dada. Muache afikiri, ila panga naye siku ya kumrudia. "Nitafikiri" isiyo na siku inageuka hapana bila mtu kuitamka.

Wengine wameniuliza pembeni kuhusu baada ya sherehe. Aliyetoa ashukuriwe na yule aliyemuomba, ndani ya wiki, kwa sauti au kwa maneno yaliyoandikwa kwa ajili yake. Ujumbe mmoja wa "asanteni wote" haumshukuru mtu. Baada ya miezi kadhaa kiombeni chuo maelezo: fedha imefanya nini. Wasipojibu, andikeni tena. Aliyetoa mara ya kwanza akinyimwa habari, mara ya pili msimlaumu. Na daftari mkabidhiane. Anayefuata asianze kutafuta namba upya.

---

Kijana wa Juzi

Nimeelewa. Naanza na niliyelala naye chumba kimoja mwaka wa kwanza. Namba ninayo, ila picha ya wasifu ni ya mtoto mchanga, sina hakika kama bado ni yake. Nimtumie ujumbe kwanza?

---

Mtunza Daftari

Piga, usiandike. Huenda amepata mtoto, na hapo una la kuanzia. Namba ikiwa ni ya mtu mwingine, omba radhi, ifute kwenye orodha leo leo, kisha muulize mliyekuwa mnakula naye meza moja.